Waliomtaja Profesa

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana dada mtu alimpigia simu mdogo wake, na salamu hazijaisha ameshauliza: "Haya Profesa, wamekutaja tena?"

Maana mdogo mtu alikuwa mtafiti wa saratani, na makala yake moja ilikuwa imenukuliwa na watafiti wenzake kuliko kazi yoyote iliyowahi kutoka katika maabara yao. Dada hakuwa na haja na hilo neno kunukuliwa. Kwake ilikuwa kutajwa, basi. Aliulizia kama watu wanavyoulizia matokeo ya mpira, na akiambiwa wameongezeka alipiga kigelegele pale pale kwenye cherehani yake, wateja wakaruka. "Huyo mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu," aliwaambia. "Leo hawaandiki kitu mpaka wamtaje yeye!" Alikuwa na domo, dada huyo, na wala hakulionea haya.

Makala yenyewe ilisema nini, hakuwahi kuuliza. Ilihusu sindano moja ya saratani ya titi, ambayo zamani alichomwa kila mgonjwa. Profesa alionyesha kwamba uvimbe wa aina fulani hausikii sindano ile hata kidogo. Mgonjwa anaambulia kutapika na kuishiwa damu, bure. Tangu hapo madaktari wakaacha kuwatesa wenye uvimbe huo. Ilikuwa kazi njema na aliionea fahari, kwa nini asiionee?

Sasa alikuwa amekaa katika chumba cha daktari, dada yake kando, majibu ya vipimo vya dada mezani. Karatasi ilimwelekea daktari, lakini Profesa aliisoma hivyo hivyo, kichwa chini miguu juu, kabla hajaambiwa kitu. Aina ile ile.

"Sindano ipo, mama," daktari alisema. Alikuwa kijana mpole. "Lakini kwako haitasaidia. Utafiti uko wazi." Akawageuzia kompyuta waone asije akadhaniwa mchoyo. Juu kabisa kwenye kioo lilikaa jina la Profesa.

Dada hakuwa na miwani, lakini jina lile angelitambua hata gizani. "Ala! Daktari, si huyu hapa! Mdogo wangu, tumbo moja!"

Daktari akainuka kitini. "Wewe ndiye? Profesa, tumekusoma chuoni sote!" Akampa mkono, akautikisa kwa furaha ya kweli, kisha akakumbuka wako wapi na kwa jambo gani, akauachia taratibu.

"Basi yameisha," dada akasema, ametulia kabisa. "Kumbe mwenye maneno ni wewe. Si mwambie anichome?"

Profesa alingoja daktari atoke, akamfuata koridoni. Mtu mzima, mvi kichwani, akamshika kijana wa watu mkono wa koti na kumbembeleza. "Mchome tu. Pengine kwake..."

"Pengine ipi, Profesa?" Kijana alisema kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyouma. "Si wewe uliyetufundisha kwamba hakuna pengine?"

Wiki ile hakugusa kazi nyingine. Alijifungia ofisini akawa anawafungua mmoja mmoja wale wote waliomtaja, anatafuta adui. Mmoja tu! Mtu mmoja mwenye kichwa kigumu aliyerudia vipimo na kuona tofauti. Alimpata mmoja aliyeanza kwa jeuri, akisema anatilia shaka, na moyo ukamruka Profesa kama wa mtoto. Ukurasa wa mwisho jamaa naye alikuwa ameshasalimu amri. Akageukia data zake mwenyewe, akaomba kwa sauti, "Mungu wangu, nionyeshe nilipokosea." Wapi! Enzi za ujana wenzake maabara walimwita Mara Tatu, kwa kuwa hakuamini kipimo mpaka akirudie mara tatu, na walimchukia kwa hilo. Laiti angekuwa mzembe hata siku moja. Kompyuta ikalia kumjulisha kuwa ametajwa tena, na alitamani kuivunja.

Jumapili simu haikulia. Akangoja, mwisho akaenda mwenyewe. Alimkuta dada amekaa kwenye cherehani, gauni la mteja mapajani, hashoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wamekutaja tena?"

"Wamenitaja."

Dada akalikunja gauni, akalikunjua. "Daktari aliporudi peke yake alinieleza vizuri. Nikamwelewa." "Sasa niambie wewe. Watu wote hao, wasomi watupu, hakuna hata mmoja aliyesema mdogo wangu umekosea?"

Angeweza kumdanganya. Neno dogo tu, yupo mmoja, na dada angelala na tumaini. Lakini huyu ndiye aliyemfinya masikio utotoni kila alipoongopa, na ulimi ulikataa.

"Hakuna, dada. Nimetafuta. Nimetafuta sana." Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

Dada akamsogezea kiti.

"Basi hongera, baba," akasema. Akainua uso apige kigelegele chake cha kila Jumapili, kikamkatikia kooni.