Ngao ya Vikongwe

Kila kiangazi wanaume wa Whitslaw, mji mdogo wa Scotland, hupanda farasi na kuzunguka mipaka ya ardhi ya mji, kuhakikisha kwamba majirani hawajaisogeza. Majirani hawajaisogeza tangu enzi za mababu wa mababu, lakini huwezi kuwaamini watu wa ng'ambo ya mto. Mbele hutangulia kijana mmoja aliyechaguliwa na kamati, amebeba bendera, na kazi yake kubwa siku hiyo ni kutoidondosha. Wanawake nao hawakusahauliwa. Wao hushona utepe wa bendera, huoka keki, hukoroga maziwa yenye pombe ya ramu ya kuwachangamsha wapandaji alfajiri, kisha husimama kando ya barabara na kupunga leso. Ukiwauliza wanaume wa kamati, watakuambia hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na ndiyo maana wao wenyewe hawajawahi kuitaka.

Netta Laidlaw alikuwa ameishona heshima hiyo mpaka vidole vikapinda. Ujana wake wote aliuishi juu ya farasi, akishusha kondoo kutoka kilimani kwenye mvua ya mawe. Lakini siku ya bendera ikifika, farasi wake alipandwa na mumewe, marehemu Sandy, ambaye alimwogopa yule farasi kuliko alivyoogopa kufa. Netta alisimama kwenye ukuta wa kando ya barabara na leso yake, akimwombea asianguke. Ilikuwa desturi, na desturi haiulizwi maswali.

Baadaye mahakama ya mbali ikaamua kwamba wanawake nao wana haki ya kupanda. Whitslaw ikatii. Haki ile ikawa kama kile chumba cha wageni nyumbani kwa watu wanaojiheshimu: kipo, kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na ole wake atakayekilalia.

Aliyekuja kukilalia ni Rhona, mjukuu wa Netta. Rhona alikuwa na miaka kumi na tisa na alijifunza kazi ya kupigilia farasi viatu, hivyo nusu ya farasi wa kamati walitembea kwa kazi ya mikono yake. Hilo halikumuudhi mtu. Msichana kuinama chini ya farasi, sawa. Msichana kukaa juu yake, mji unaharibika.

Basi Jumamosi moja ya Mei, kwenye safari ya mazoezi, Rhona akajiunga na wapandaji juu ya farasi wake mwekundu, Bracken. Walipofika darajani, Dougie Telfer alikuwa amekaa ukingoni na wenzake, chupa mkononi. Dougie alikuwa mpwa wa mwenyekiti wa kamati, kijana mwenye mabega mapana na kazi chache. Akamwambia Rhona arudi jikoni. Kisha akamtajia viungo vyake vya mwili, kimoja kimoja, na namna vinavyopaswa kutumiwa badala ya kukalia tandiko. Rhona hakumjibu. Dougie akaona hiyo ni dharau, akafungua mwavuli ghafla usoni pa farasi. Bracken akasimama kwa miguu ya nyuma. Rhona akaanguka juu ya mawe ya daraja, mfupa wa bega ukavunjika, na watu waliokuwa karibu walisikia ukivunjika.

Netta alikuwa ukutani karibu na daraja, leso mkononi, kama kawaida. Alikimbia kadiri magoti yalivyomruhusu. Alipompita Dougie, Dougie akamwambia, "Na wewe kikongwe, si ulitakiwa uwe kaburini?"

Kumbuka maneno hayo, maana nchi nzima ya Scotland ilikuwa tayari kuyashughulikia.

Jioni ile konstebo Gavin Oliver alifika jikoni kwa Netta, akavua kofia, akakubali chai. Rhona alikuwa amelala chumba cha pili na mkono umefungwa kifuani. Gavin alikuwa kijana mwema, na alikuwa ametoka mafunzoni, kwa sababu sheria mpya ya chuki ilikuwa imeanza kutumika tarehe mosi Aprili, siku ambayo watu hudanganyana kwa furaha nchi nzima. Alieleza kwamba kosa lolote likifanywa kwa chuki, sasa linakuwa zito zaidi mbele ya hakimu. Netta akasema vizuri sana, hapa chuki ipo ya kujaza ndoo.

Gavin akakohoa. Akauliza kama Dougie alitaja dini ya Rhona. Hapana. Rangi yake, au alikotoka? Ametoka nyumba ya tatu kushoto. Je, Rhona ana ulemavu wowote? Netta akasema tangu asubuhi hii anao, bega halisogei. Gavin akasema huo hauhesabiki, lazima uwe umetangulia.

"Gavin, mwanangu," Netta akasema, "alimwangusha kwa sababu ni mwanamke. Alisema hivyo kwa sauti, mpaka bata waliokuwa mtoni wamesikia."

"Najua, Bi Netta. Shida ni kwamba hilo halimo."

"Halimo wapi?"

"Kwenye sheria. Wengine wote wamo. Wanawake ndio hawajaingia." Akaongeza haraka, kama mtu anayempa mtoto pipi baada ya sindano, kwamba wanawake wanatengenezewa sheria yao peke yao, nzuri kuliko hii. Iko jikoni, inapikwa.

Netta aliyewapikia watu maisha yake yote akauliza itaiva lini. Gavin akanywa chai. Kisha uso wake ukang'aa. Akamwomba Netta ayarudie maneno aliyoambiwa yeye. Netta akayarudia. Gavin akaandika kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu.

"Kikongwe," alisema. "Hilo limo. Umri umo. Bi Netta, wewe umefanyiwa kosa la chuki."

Ndivyo Netta alivyolala usiku ule akiwa mhanga rasmi, anayelindwa na bunge zima la Edinburgh, huku mjukuu wake akiugulia chumba cha pili kwa jambo ambalo sheria iliita purukushani.

Rhona alipona bega. Kitu kingine ndicho hakikupona. Alimlisha Bracken, alimsugua, alimtembeza kwa kamba, lakini hakumpanda. Siku moja Netta alimkuta amesimama kando ya farasi, mguu umeingia kwenye kikuku, mwili umegoma kupanda. Alikaa hivyo muda mrefu, kisha akautoa mguu. Akamwambia bibi yake kwamba hofu yake si ya kuanguka tena. Kinachomkalia rohoni ni kwamba mji mzima ulijua kwa nini aliangushwa, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa na kazi ya kulisema. Kama angesikia likisemwa mara moja tu na mtu aliyesimama mbele ya watu, alisema, labda mguu ungepanda wenyewe.

Netta akaliweka hilo moyoni.

Kesi ilisikizwa baridi ilipoanza. Mwendesha mashtaka alikuwa mwanamke kijana aitwaye Imrie, mwenye koti zuri na mafua. Nje ya chumba cha mahakama alimshika Netta mkono na kumwelekeza kwa upole. Atamwuliza kama aliumizwa na neno kikongwe, Netta aseme ndiyo. Atamwuliza kama anaamini lilitokana na umri wake, aseme ndiyo. Basi. Hilo la bega lingepandia mgongoni mwa neno kikongwe na yote mawili yangefika kwa hakimu kama chuki.

Ulikuwa mpango mzuri. Netta aliukubali mpaka alipopanda kizimbani na kumwona Rhona ameketi nyuma kabisa, anamtazama.

Imrie akauliza kama aliumizwa na neno lile. Netta akasema limemchoma kidogo, ndiyo, maana aliyelisema alikula keki zake tangu hajaota meno. Imrie akauliza kama anaamini lilitokana na umri wake.

Netta akaangalia upande wa mshtakiwa. Dougie alikuwa amevaa tai ya mjomba wake.

"Hapana," Netta akasema. "Dougie hana ugomvi na uzee wangu. Mimi nilipita tu njiani. Alimwangusha mjukuu wangu kwa sababu ni mwanamke aliyekaa juu ya farasi kwenye safari ambayo wanaume wameiita yao. Hiyo ndiyo sababu, na kila mtu humu ndani anaijua."

Imrie akapenga kamasi. Wakili wa Dougie akainuka kama mtu aliyeletewa chakula kitamu ambacho hakukiagiza, akasema mnamsikia wenyewe, Mheshimiwa, hata shahidi wa serikali anakubali kwamba mteja wangu hana chuki na wazee. Ana chuki na wanawake tu. Wakili hakusema hilo la mwisho, lakini ndilo lililobaki mezani, na lilimsaidia sana.

Hakimu alikuwa mtu wa heshima. Alisema mahakama imesikia, na inasikitika, lakini haina mahali pa kuliweka. Suala la umri likaondolewa. Dougie akahukumiwa kwa fujo ya kawaida, akapewa karipio na faini ambayo wajomba zake walimchangia baa kabla giza halijaingia. Inasemekana kuna mtu alitoa hotuba.

Njiani kurudi, ndani ya gari, Rhona alikuwa wa kwanza kusema. "Bibi, ungesema ndiyo tu. Angefungwa."

"Angefungwa kwa ajili yangu."

"Kwani kuna tofauti gani?"

"Ulitaka lisemwe."

Rhona akageukia dirisha. Akasema huko huko, "Limesemwa." Netta hakumchimba. Lakini kesho yake asubuhi, alipofungua pazia la jikoni, alimwona Bracken akizunguka uwanjani, na Rhona yuko juu.

Uwanjani ni uwanjani, lakini. Daraja ni jambo jingine. Rhona alisema atapanda siku yoyote isipokuwa siku ya bendera.

Masika yalikuja na habari kutoka Edinburgh. Ile sheria maalum ya wanawake, iliyokuwa inapikwa, imeepuliwa. Haikuiva, muda umekwisha, wapishi wana uchaguzi. Badala yake jinsia itaongezwa kwenye ile sheria ya zamani, baada ya mashauriano, wakati muafaka. Gavin mwenyewe ndiye aliyepita kumwambia Netta, kofia mkononi, kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

Netta alikuwa akishona utepe. Akauliza, "Kwa hiyo mpaka leo, mtu akimtukana Rhona barabarani, ni purukushani?"

"Ndiyo, Bi Netta."

"Na akinitukana mimi uzee wangu?"

"Hilo ni chuki. Hilo nalishughulikia hata kama niko kitandani."

Netta akakata uzi kwa meno. Akamwuliza kama siku ya bendera atakuwa kazini. Gavin akasema atakuwa pale darajani. Netta akamwambia avae viatu vizuri. Kisha akaenda kwa rafiki yake Bett Cranston, aliyekuwa na farasi wawili na nyonga moja ya chuma, na jioni nzima ile mlango wa Bett haukupumzika.

Alfajiri ya siku ya bendera kamati ilikuwa inakunywa maziwa ya ramu lilipotokea kundi kutoka uchochoro wa nyuma. Mbele alikuwa Netta, kwenye farasi mnene wa kukodi. Nyuma yake Bett, na nyuma ya Bett vikongwe wa Whitslaw, wenye miwani, wenye vifaa vya kusikilizia, mmoja amefunga fimbo yake kwenye tandiko. Wote walikuwa wamekulia juu ya farasi na wote walikuwa wamewahi kupunga leso. Katikati yao, kama kiini cha yai, alikuwa Rhona juu ya Bracken, aliyekubali kuja kwa sababu tu wangemzunguka. Mwenyekiti wa kamati alitafuta desturi ya kuwazuia. Hakuwahi kuwaza kwamba ataihitaji.

Walipolikaribia daraja, Bracken akapunguza mwendo. Rhona alikuwa mweupe kama unga. Dougie yuko palepale ukingoni, na wenzake, na chupa. Gavin yuko upande wa pili, kalamu mkononi.

"Siwezi," Rhona akasema.

"Kaa karibu nami," Netta akamwambia. "Mimi nina sheria."

"Na mwakani, Bibi? Ukichoka?"

"Basi utavumilia mpaka uzeeke, mwanangu. Ukifika umri wangu utakuwa mtu."

Rhona akacheka, kicheko kibaya cha puani ambacho hakukitaka, na Bracken akakanyaga daraja.

Dougie alifungua kinywa. Akamtazama Netta, akamtazama Bett, akazungusha macho kwenye lile kundi la mvi akitafuta upenyo wa kupitishia tusi lisimguse mwenye umri. Hakuna. Kila lililomjia lingempata kikongwe. Akamwona Gavin anainua kalamu.

"Habari za asubuhi, Bi Laidlaw," Dougie akasema.

"Nzuri, Dougie. Umependeza."

Wakavuka. Ng'ambo ya daraja njia inapanda kilimani, na pale ndipo wapandaji huwaachia farasi wao wakimbie hadi kwenye jiwe la mpaka. Huko juu vijana wengine wa kamati walikuwa wamejipanga kwenye ua wa mawe, na huko hakukuwa na polisi. Netta aliwaona. Akageuka amwambie Rhona asitoke kwenye kundi.

Rhona alikuwa ameshatoka. Alikuwa amelala juu ya shingo ya Bracken, akiwapita vikongwe, akielekea ule ukuta wa vijana, na tayari sauti zao zilianza kushuka na upepo, yaleyale ya mwaka jana. Netta alimpiga farasi wake mnene kisigino, na farasi akafikiria.

Juu kule Rhona aliupita ua, akaligusa jiwe kwa mkono wa lile bega lililowahi kuvunjika, na hakugeuka kuwatazama.