Msamaha wa Kukodi

Kiwanda kilipofungwa na sote wawili kurudi nyumbani mikono mitupu, dada yangu alibuni biashara: kuwaombea watu msamaha. Una kosa na huna uso wa kwenda? Tutume sisi. Dada alikuwa mdomo. Mimi nilikuwa sura, maana nimezaliwa na sura ya mtu aliyetoka kuzika; hata nikishiba naonekana nimefiwa. Ndiyo maana akaniita Msiba.

"Ukisema 'anasema samahani', wanakufukuza," alinifundisha. "Sema 'nimekosa'. Libebe kosa kama lako."

Basi nimewahi kuwa fundi aliyeunguza gauni la harusi, na mpangaji aliyemrushia mwenye nyumba ndoo. Tukimwagiwa maji, tunashukuru tunaondoka. Mteja hatumtaji, hata tuchapwe.

Kisha akaja dereva wa lori. Alikuwa amemgonga mtoto wa shule, mtoto akafa. Polisi walishamwachia, ila usingizi haukurudi. Mama wa mtoto hakuwahi kumwona dereva huyo.

"Nitawasubiri kwa kinyozi, pale kwenye kona," alisema, bila kututazama.

"Mteja huyu ni mwanaume kama wewe, leo utasema wewe," Dada akaniambia njiani. "Na utani wako uuache hapa hapa."

Mama alitufungulia mlango, mikono imejaa povu la sabuni. Nikapiga magoti.

"Mama, nimekosa. Ni mimi niliyekuwa naendesha lile lori."

Nilikuwa nimekaza mashavu kungoja kofi. Halikuja. Alinishika mkono, akaniketisha kwenye kochi kando ya begi la shule.

"Wanasema alikuwa bado anaongea," akasema. "Kila ninayemuuliza alifika baadaye. Wewe ulikuwepo. Alisema nini?"

Dada akanifinya mgongoni: tunga! Na kutunga ndicho kipaji pekee nilichotoka nacho sekondari. "Alikuita wewe, mama." Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa ameniinamia, pumzi ameibana, na chochote ambacho ningesema angelala nacho mpaka kufa kwake.

"Sikuwepo, mama. Nimetumwa."

"Umetumwa." Alilitamka polepole. "Hata hayo magoti umetumwa?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Mama, hilo kwa kweli hatuwezi..." Dada akaanza.

"Kwa kinyozi," nikasema. "Kwenye kona."

"Kazi umeiua, Msiba," Dada akaninong'oneza.

Mama alitoka na povu lake mikononi, sisi nyuma. Dereva alipotuona watatu, akainuka. Kinyozi akazima mashine.

"Alisema nini?" mama akauliza.

Dereva akamtazama usoni.

"Aliomba maji. Nilikuwa na chupa garini. Nikaona watu wanakuja, nikakimbia."

Mama akakaa kwenye benchi la wateja.

"Sema tena," akasema.