Mahindi Kwenye Bustani ya Dorotea

Dorotea alipopanda bodaboda kwenda Nkowe kumhudumia binti yao Prisca, aliyekuwa amejifungua, alimwachia mumewe agizo moja tu.

"Baba Prisca, bustani yangu isife."

Dastani aliitikia. Bodaboda ilipopotelea barabarani, akageuka kuitazama hiyo bustani. Mbele ya nyumba yao, pale Lionja, palikuwa na kipande cha ardhi kilichozungushiwa mawe, kikavu, hakina hata jani. Kila mwaka aliyakuta maua yale mekundu, makubwa kama ngumi, yameshachanua. Yalikotoka hakuwahi kujiuliza; yeye alikuwa mtu wa mikorosho na ufuta. Na njia aliyoijua ya kuilinda ardhi isife ilikuwa moja: kuilima.

Mvua ya kwanza ilipoanguka akalima, akapanda mahindi. Jembe lilifukua vitu fulani vya duara. Akavitupa kando ya uzio wa nyumba, akaendelea.

Mahindi yakaota, yakastawi kwa mbolea ambayo Dorotea alikuwa ameimwaga pale miaka na miaka.

"Bustani yangu vipi?" Dorotea aliuliza kwenye simu.

"Mama Prisca, ungeiona! Majani yanameta."

"Majani? Maua yale huanza kutoa kichwa, majani baadaye. Au vitunguu vyake umevifukia chini sana?"

"Vitunguu?"

"Vile maua yanakoota, vya mama. Alipohama alivuka navyo mto Ruvuma kavifunga kwenye kanga, vyungu akaviacha. Nilijua wewe utanitunzia." Akacheka kwa furaha. "Haya, mtoto analia. Nakuja Jumamosi."

Dastani aliitia simu mfukoni. Kisha akaenda kwenye uzio, akapiga magoti, akaanza kuvitafuta vile vitunguu majanini. Vingine vilikuwa vimeoza. Vizima alivikusanya kwenye kofia yake. Alipovirudisha bustanini ili avifukie upya, akaona katikati ya mistari ya mahindi vichwa vichache vyekundu vinajisukuma juu, vimebanwa na mizizi.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Akalishika shina la kwanza, akaliachia. Akalishika tena, akaling'oa.

Masumbuko, jirani yao mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, alikuwa akipita na ndama wake. Akasimama.

"Mzee Dastani! Umerogwa?"

"Pita zako."

"Mahindi mabichi hivyo unang'oa? Kwetu mtu akifanya hivi tunamshika mikono."

"Kwenu kuna Dorotea?"

Masumbuko akacheka mpaka ndama wakamwacha nyuma. "Basi mzee, kama ni hivyo ng'oa, tena harakaharaka. Mabua nipe mimi, ndama watakuombea."

Jumamosi Dorotea alishuka kwenye bodaboda na hakuingia ndani. Alisimama kwenye mawe ya bustani. Ardhi ilikuwa imevurugika kama iliyopitiwa na nguruwe. Maua sita yalikuwa yamechanua, mengine hayakuonekana.

Dastani alimweleza yote, macho yakiwa chini.

"Kwa hiyo mahindi yaliyofika magotini umeyang'oa?"

"Yote."

"Wewe?" Alimtazama huyu mwanaume ambaye njiani huinama kuokota punje moja ya hindi, kuipangusa na kuitia mfukoni. "Wewe, Dastani?"

"Ulisema isife."

Dorotea akachuchumaa na kanga yake ya safari, akafukua kwa vidole mahali udongo ulipokuwa mpya. Akatoa kitunguu, akakiangalia, mabega yakaanza kutikisika. Dastani alidhani analia.

"Baba Prisca, umekisimamisha kichwa chini, miguu juu!"

"Sasa kichwa chake nitakijuaje?"

"Njoo hapa. Shika. Hivi vinyuzi ndiyo miguu. Mungu wangu, umevipindua vyote?"

"Nadhani vyote."

Wakaanza kuvigeuza, yeye akifukua, mumewe akifukia, matope mpaka viwikoni, Dorotea akicheka upya kila alipokuta kingine. Kijana wa bodaboda alisubiri, akachoka.

"Mama, na huu mzigo niushushe wapi?"

"Popote, baba," alisema Dorotea bila kuinua kichwa, "ila usinikanyagie maua."