Mhunzi wa Daraja la Tatu

Wakubwa wakishakwenda kula, saa sita na nusu, phonie ya ofisi ya malori pale mtaa wa Kenya, Lubumbashi, ilibaki mikononi mwa Delphine. Ilikuwa redio ya kuitana na matawi, sanduku la kijivu lenye kipaza sauti kikubwa, na hapo ndipo msafara ulipoondoka.

Msafara ulikuwa mchezo wake. Aliutunga ili wapiga phonie watatu wasisinzie: yeye wa Lubumbashi, Godefroid wa Likasi, Kasimu wa Kambove. Kila mmoja alikuwa mtu wa zamani anayevuka pori na wenzake. Delphine alikuwa kiongozi wa njia, Godefroid mwindaji, Kasimu mhunzi. Delphine alirusha punje za mahindi zilizochomwa upande mmoja, na weusi ukiangukia juu, jambo limefaulu. Mtu akifaulu mara tano anapanda daraja. Akifika daraja la nne anapelekwa mbele, kwenye kikosi cha wakubwa, mbali na moto wa wenzake. Sheria hiyo Delphine hakuifikiria sana. Aliitoa kazini tu, maana katika miji ya shaba anayepanda cheo huhamishwa.

Na walicheza bila kutajana. Hiyo ilikuwa desturi ya wapiga phonie wote: hewani linapita jina la kituo, la mtu halipiti kamwe. Hujui nani amesimama karibu na kipaza sauti upande wa pili.

Jumanne moja ya mwaka sabini na sita, mhunzi aliunganisha mkuki uliovunjika. Delphine alirusha punje, akacheka.

"Kambove, unapanda! Grade ya ine. À vous," akamwachia zamu ya kusema.

Phonie ilikwaruza kidogo.

"Lubumbashi, hapana. Uniache mu ya tatu. Unaweza kumufunga muhunzi wangu? Asipande tena."

"Aba!" Godefroid akaingilia kati. "Muntu anakataa grade? Kambove, weye iko na homa?"

"Niko muzima. Nataka tu abakie pale."

Kambove alipotoka hewani, Godefroid alibaki.

"Lubumbashi, unajua nani anakataa kupanda? Ule banamuweka chini makusudi, asikilize. Hapa kwetu kulikuwa mufagiaji. Miaka sita na fagio yake, bote tunamuzarau, tunasema yote mbele yake. Siku moja tunamuona anapita ndani ya jeep ya bakubwa, anatupungia mukono. Tangu siku ile benzetu babiri hatujabaona."

Delphine alirudi nyumbani, mtaa wa Makomeno, kwa miguu bila kuona njia. Maneno yale yalimwingia kama mchanga ndani ya kiatu. Alianza kukumbuka. Kasimu aliwahi kuuliza ofisini kwa Delphine wanabaki watu wangapi mchana. Kasimu hakulalamika hata siku moja, wala hakucheka Godefroid alipoigiza hotuba za chama tawala. Alisikiliza tu. Mtu gani anasikiliza namna hiyo? Kuchezea phonie ya kazi kulitosha kufukuzwa. Lakini mtu akisema mikuki na misafara ile ni lugha ya siri, hapo ni kufungwa, na mama yake, Léonie, angezunguka ofisi kwa ofisi akiuliza mtoto wake yuko wapi.

Ijumaa alibonyeza kitufe, akauliza.

"Kambove, juu ya nini hautaki kupanda?"

"Nitakuambia siku ingine. Sasa haiko muzuri."

"Haiko muzuri juu ya nani?"

Delphine hakuwa mtu wa kupaza sauti. Hata shuleni walimu walimwomba arudie jibu. Siku hiyo alipaza.

"Kasimu! Kasimu wa Kambove, nani anakutuma?"

Jina lilikwishapita. Alisikia Godefroid akivuta pumzi, kisha Kambove ikakatika.

Jumatatu ikaja sauti ngeni, kavu. "Hapa Kambove. Ujumbe wa kazi tu. Michezo, hapana." Delphine alitaka kuuliza yule mwingine yuko wapi, lakini kumuuliza ilibidi amtaje tena.

Alhamisi dereva mzee wa lori la Kambove, papa Constantin, alimwachia bahasha iliyonuka mafuta ya gari.

"Dada Delphine," Kasimu aliandika, "siku ile shefu alikuwa mlangoni. Alisikia jina langu na swali lako. Alinihoji masaa mawili, nani ananituma, natumwa wapi. Nilimwambia mimi kazini ni wa daraja la tatu mwaka wa saba huu, nitajua siri gani? Akacheka, akasema kweli, huyu ni mjinga. Amenitoa kwenye phonie, sasa nahesabu misumari ndani ya ghala. Sikufungwa.

"Phonie naweza kuifungua na kuirudisha yote, hata hiyo yenu. Sijamwambia mtu. Kaka yangu Amadi naye alijua kuitengeneza, wakubwa wakaona, wakampandisha, wakamhamisha. Kisha wakamuuliza, anayetengeneza redio anasikiliza nini? Hajarudi. Mama yetu Rabia amebaki na mimi tu.

"Lakini mhunzi sikumfunga kwa woga. Ni kwa ajili ya moto ule wa msafara, unapokaa kutusimulia njia ya kesho. Huko mbele simjui mtu. Sikuweza kukuambia hivyo shefu akisikia."

Delphine aliisoma barua amesimama. Aliogopa Kasimu asilipeleke jina lake kwa wakubwa, kumbe la Kasimu alilipeleka yeye mwenyewe.

Akafungua daftari la msafara, na juu ya daraja la tatu la mhunzi akapiga mstari mzito. Chini yake akaandika: Anayetaka kumfunga mtu wake amfunge. Asiulizwe sababu. Alinakili sheria hiyo kwenye karatasi, akaongeza "Unisamehe" na safari nzima ya kesho, kisha akamkimbilia papa Constantin kabla lori halijaondoka.

Tangu hapo msafara ulikwenda kwa barua. Mwisho wa mwezi Godefroid alifika mjini na lori, akaketi mbele ya meza yake akizungusha kofia, akasoma sheria mpya mara mbili.

"Basi na mwindaji wangu umufunge," alisema.

"Weye? Ulikuwa unakimbilia mbele!"

"Umufunge tu, yaya," akamsihi kama dada mkubwa.

Delphine alimtazama. Mfagiaji na fagio lake wakamjia akilini, na swali lile la nani anamtuma likampanda hadi kwenye meno. Akalimeza. Akamsogezea kalamu apige mstari mwenyewe, naye akabaki kuiangalia kofia ile ikizunguka, ikizunguka.