Mwalimu Swalha na Barafu za Fiona

Wivu, jamani, haubishi hodi. Unaingia tu, unakaa kitako, unaagiza chai. Kwa Swalha uliingia mwezi wa tatu, siku ile Fiona alipofika shuleni na misuko yake mirefu na kicheko cha kusikika mpaka barabarani.

Swalha huyu mtu wa Kikwajuni, Zanzibar. Kaolewa na Hafidh, mnunuzi wa vitambaa kule soko la Zhongda, mjini Guangzhou, Uchina. Lakini usimdhanie kaja Guangzhou kumshikia mume mkoba. Kasoma Kichina chuoni miaka minne, anakizungumza mpaka madereva wa teksi wanageuza shingo, waone huyo Mchina aliyepanda ni yupi. Kazi yake kufundisha Kiingereza shule ya watoto wadogo, ya mtu binafsi, huko huko upande wa sokoni, wilaya ya Haizhu. Kazi ya kuimba kutwa nzima, kufunga kamba za viatu, kufuta makamasi ya watu usiowajua hata kabila lao.

Alikuwa na darasa moja alilolipenda kupita yote. Watoto ishirini na wawili. Aliwapokea wana miaka mitatu, wanalilia mama zao, sasa wana sita, mwisho wa Juni wanaaga waende shule ya msingi. Na pale shuleni wana desturi yao: siku ya kuaga, katika walimu wa kigeni anayepanda jukwaani na watoto ni mmoja tu. Anaimba nao, anawavika kofia, anapiga nao ile picha kubwa ya kutundikwa ukutani. Wengine wanakaa chini wanapiga makofi. Swalha aliingoja siku ile miaka mitatu. Mwenyewe alishajiona pale katikati, ushungi wake umekaa sawa, watoto wamemzunguka kama vifaranga.

Halafu ndiyo akaja huyo Fiona, msichana wa Mombasa, wa Changamwe, Kichina chake "asante" na "choo kiko wapi". Mkuu wa shule, Madamu Liang, akawagawia darasa lile wawili, asubuhi Swalha, mchana Fiona.

Wiki ya kwanza tu, Swalha anapita ukumbini anasikia watoto wake wanapaza sauti, "Moja! Mbili! Tatu!" Kiswahili, masikini! Miaka mitatu kawafundisha one, two, three mpaka koo linakauka, haikumjia hata siku moja kwamba angeweza kuwapa lugha yake mwenyewe. Kaja mtu wa juzi, kawapa. Na wameipenda.

Wazazi nao wana kundi lao kwenye simu, walimu wote wamo humo. Sasa kila jioni video ya Fiona. Fiona anaruka kamba. Fiona anavutwa misuko. Fiona anacheza na babu wa mtu. Chini yake maua na mioyo na vidole gumba. Swalha akawa anayahesabu yale maua kitandani, Hafidh ubavuni anamtazama.

"Mke wangu, unahesabu nini?"

"Sihesabu kitu."

"Midomo inachezacheza."

"Nasoma dua."

"Haya, dua yenye maua kumi na tisa," Hafidh akasema, akageukia ukutani.

Kilichomkata zaidi ni Duoduo. Huyo alikuwa katoto kembamba, kana pengo, kila asubuhi kalikuwa kanamkimbilia Swalha getini, "Laoshi! Laoshi!", maana yake mwalimu. Asubuhi moja kakaja mbio, Swalha akainama kafungua mikono, kakampita hivi kama upepo, kaenda kwa Fiona aliyesimama nyuma yake. Swalha akabaki kainama. Akajifanya anaokota pini.

Mwisho wa Mei, mchana mmoja watoto wamelala. Kule watoto wakila cha mchana lazima walale, mapazia yanafungwa, walimu wenyewe wanatembea kwa ncha za vidole. Fiona akamsogelea Swalha, ananong'ona.

"Dada Swalha, tarehe moja si ndiyo sikukuu yao ya watoto? Nataka niwafanyie mabarafu."

"Mabarafu gani?"

"Aki dada! Yale ya mifuko, ya ukwaju! Usiniambie nyinyi Zanzibar hamkung'ata kona mkanyonya mpaka ulimi ukafa ganzi."

"Tulinyonya," Swalha akasema, na kidogo atabasamu.

"Ukwaju nishapata. Lakini nikaona kwanza nikuulize wewe mwenyeji. Hawa watu wana mambo yao. Hakuna shida?"

Sasa hapa lazima nieleze, maana sisi huku joto likipanda mtu anatafuta cha baridi, ni akili ya kawaida. Mchina siyo. Mchina, hasa mwenye kulea mjukuu, kitu baridi tumboni mwa mtoto anakiona sawa na sumu. Jua linachoma, jasho linatiririka, mtoto shingoni kaning'iniza chupa ya maji ya moto! Mgongoni katiwa kitaulo cha jasho asije akapigwa na ubaridi. Swalha mwaka wake wa kwanza alimpa mtoto maji ya friji, gilasi moja, na bibi wa yule mtoto alimsema getini nusu saa. Alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Akamtazama Fiona, ile misuko, yale macho yaliyomwamini.

"Hakuna shida," akasema. "Wafanyie. Watafurahi."

Maneno machache tu, wala hayakumchoma ulimi. Ulimi, kumbe, hauna haya.

Siku ilipofika, joto lile la Guangzhou la kuvaa kama blanketi bichi. Fiona kaja na sanduku la barafu, vifuko ishirini na viwili, vingine kavifunga utepe mwekundu. Walimu wenzao wawili wa Kichina wa darasa lile walikuwa ukumbini wanapamba. Watoto walipong'ata ile kona ya kwanza, kelele zake! Wengine wanakunja uso kwa ule uchachu, wanacheka, wanarudia. Swalha kasimama mlangoni. Nafasi ya kusema "acheni" alikuwa nayo, siyo moja. Duoduo akamjia, mdomo wa kahawia, unanata, kanamnyooshea kifuko, "Laoshi, onja!"

Angekichukua, angekwenda kumwambia Fiona kusanya haraka. Lakini alitazama zile furaha ishirini na mbili, akaona hakuna hata moja iliyotoka kwake. Akamwambia Duoduo, "Kanywe wewe."

Saa kumi mabibi getini. Bibi yake Duoduo akashika mkono wa mjukuu, baridi. Akamshika tumbo. Akanusa mdomo. Akatoa kile kifuko mfukoni mwa sketi, kimebaki maji. Lo! Alipiga ukelele, mabibi wote wakaanza kupekua mifuko ya watoto kama maaskari wa bandarini. Mtoto mmoja akakohoa. Kikohozi chenyewe anacho tangu wiki iliyopita, lakini nani anakumbuka? Usiku kundi la wazazi halikuwa na ua hata moja. Walitaka mgeni aondoke.

Asubuhi Madamu Liang akawaita ofisini. Yuko yeye, bibi yake Duoduo kama msemaji wa wazazi, Fiona macho yamevimba, na Swalha. Swalha wa nini? Wa kutafsiri. Nani mwingine?

Madamu Liang akasema, "Mwulize, kwa nini hakuuliza mtu kabla ya kuwapa watoto barafu?"

Swalha akatafsiri. Fiona akamgeukia, akashusha sauti, ingawa Kiswahili pale hakuna wa kukielewa.

"Dada, mimi nilikuuliza, si unakumbuka? Pengine sikueleza vizuri, ama wewe ulidhani ni kitu kingine. Lakini jina lako usilitaje, wasije wakakuchukia na wewe bure. Mwambie tu niliuliza, nikaelewa vibaya. Makosa yangu."

Kilichomjia Swalha hakikuwa huruma, tusidanganyane. Kilikuwa kijicho kile kile. Hata wema kanizidi! Kachukua watoto, kachukua maua, sasa na hili? Ayatafsiri yale maneno kama yalivyo, akae salama, jukwaa liwe lake, maisha yake yote awe ndiye aliyefichiwa aibu na Fiona wa Changamwe? Wallahi hapana.

Akamgeukia Madamu Liang, akasema kwa Kichina kilichonyooka, "Aliuliza. Aliniuliza mimi. Nilijua wazazi watakasirika, nikamwambia awape."

Madamu Liang akaweka kalamu chini.

"Kwa nini, mwalimu?"

"Kwa sababu watoto wanampenda."

Bibi yake Duoduo akamtazama, akaguna, akafungua chupa yake akanywa maji ya moto. Hakusema tena neno la kumfukuza mtu.

Madamu Liang hakupayuka. Alisema taratibu, kama anapanga sahani kabatini: Fiona abaki na darasa mpaka siku ya kuaga, apande nao yeye. Swalha kuanzia Jumatatu aende kwa watoto wa miaka mitatu.

Nje ya mlango Fiona akamrukia, akamkumbatia. "Dada umeniokoa! Umewaambia nini, mbona wote wamenyamaza?"

Kwa Kichina ilikuwa rahisi, maneno ya kujifunzia chuoni. Kwa Kiswahili yalimkwama. Akayatoa moja moja. "Nimewaambia ukweli. Nilijua, Fiona. Nilitaka wakuchukie."

Mikono ya Fiona ikaanguka. "Na mimi nimempigia mamangu simu, nikamwambia nimepata dada huku," akasema. Akaenda darasani.

Wiki tatu na ushei salamu zao zikawa "hujambo", "sijambo", basi.

Siku ya kuaga Swalha alikaa chini na wale wadogo wake wapya. Fiona akapanda, akaimba, akavika kofia, picha ikapigwa. Kila mtoto aliyekumbatiwa juu kule, Swalha huku chini moyo unamkata. Akapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Watu walipoanza kutawanyika, mama yake Duoduo akamshika Fiona mikono miwili, anaongea na machozi yanamtoka, na Fiona haelewi kitu. Akatazama huku na huku. Mwisho akamwona Swalha.

"Njoo basi," akamwita, bila ya kutabasamu. "Huyu ananiambia nini?"

Swalha akasogea. Yule mama akarudia yote. Swalha akavuta pumzi.

"Anasema mtoto wake alikuwa mwoga, hasemi mbele za watu, tangu umekuja anaimba hata bafuni. Anasema hawajapata mwalimu kama wewe. Anasema hatakusahau."

Fiona akamkazia macho. "Kasema yote hayo, au umeniongezea?"

"Mimi nikuongezee sifa?" Swalha akasema. "Hizo zenyewe zimenitoka kama jino. Wivu bado ninao, mtoto wee."

Fiona alitaka kununa. Akajikaza, mdomo ukamshinda, kile kicheko chake kikatoka mpaka watu wakageuka.

"Haya, mwambie asante," akasema. "Na useme kama nilivyosema."

Swalha akasema, kama alivyosema.