Mwalimu Hakufa Likasi

Vumbi linaelea kwenye mwanga wa alasiri, Koekelberg, huku Ulaya, mbele ya televisheni. Linapanda, linashuka, linapanda tena, kama halijui pa kutua. Nyuma yake watu wa mzee Fung wanapigana, na Donat anawatazama kama mtu anayetazama mvua.

Mzee Fung alitengeneza filamu za kung fu Hong Kong miaka arobaini. Hakuwa na haraka. Alimwacha mpiganaji asimame, apumue, jani lidondoke kwanza, ndipo mkono uruke. Likasi, mji wa migodi kwao Donat, hakufika hata siku moja, lakini Likasi ilipumua pumzi yake: watoto waliinamiana kabla ya kugombana, wachimba madini walitoka ukumbi wa video wakitembea polepole, mabega yamenyooka.

Na aliyewapa maneno ni Donat. Kichina nani alikijua? Alisimama pembeni na kipaza sauti, akawasemea wote, wazee, wasichana, hata farasi. Mwishoni mwa filamu moja mwalimu wa kung fu huanguka, damu mdomoni, akafa. Donat aliukataa mwisho ule. Mwalimu hakufa, alisema kila mara, eko anasali. Mji ukaamini, wengine walitoa hata misa ya shukrani.

Sasa mzee Fung amefariki. Redio imesema asubuhi. Naye Donat, ugonjwa umemwondolea maneno moja moja, kama maharagwe yanavyomenywa, na huu mwezi wa pili hajasema kitu. Mdogo wake Euphrasie, mjane, amemwosha, amemlisha, amemsalia rozari. Daktari amefungua mikono tu, hana dawa. Leo Euphrasie ameshuka hadi Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, ameipata filamu ile ya mwalimu. Labda hapo, amejiambia. Labda hapo sauti itarudi.

Mwalimu anaanguka. Euphrasie anasubiri. Jani linadondoka. Anasubiri. Donat analitazama jani.

Basi anasema yeye, kwa sauti ndogo, akimwita kaka yake kama utotoni: "Yaya, mwalimu hakufa. Eko anasali."

Donat anageuka. Macho yake ni ya adabu, macho ya mgeni.

"Non, maman. Alikufa."

Maman: hivyo mtu humwita mwanamke asiyemjua, dukani, kanisani mlangoni. Sauti imerudi, ile ile, nzito, tamu, na haikurudi kwake. Euphrasie ameshika rozari, hajui ashukuru au aombe. Vidole vimesimama kwenye punje moja.

Filamu imekwisha. Kwenye kioo cheusi wanaonekana watu wawili wamekaa bega kwa bega, na vumbi linatua juu ya nyuso zao, polepole, bila haraka, wala hakuna anayelifuta.