Breki za Ismael Zilipoacha Kulia

Lori la Ismael lilikuwa na domo kuliko mwenyewe. Likiteremka kuelekea mto Mutonga, magurudumu ya mbele yalipiga ukelele wa chuma kwa chuma hadi ng'ombe wakaacha kula. Aliyejua magari alijua maana yake: breki zilikuwa zimelika, na zile ribiti, vijimisumari vilivyozishikilia, sasa zilikuwa zinakwaruza ngoma ya gurudumu. Ismael alijua kabla ya wote. Pedali ilizidi kushuka, usukani ulivuta kushoto, na harufu ya kuungua ilimfuata hadi nyumbani kwake Meru mjini.

"Ndugu yangu, utaua watu," fundi Mbarak alimwambia. "Breki nimepata, ziko hapa. Leta gari."

"Kesho," Ismael alijibu. Kesho yake ilikuwa ndefu ajabu.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa bahili. Alikuwa na mkwe.

Mkewe, Lenah, alizaliwa upande wa Chuka, na mamake Lenah, Ciakuthii, alikuwa mtu wa kushika adabu za kwao. Huko mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Wakikutana njiani kwa bahati mbaya, kila mmoja hugeuza uso na kuingia kichakani upande wake, na salamu hupitia kwa mtu mwingine. Watu wa Majengo, mtaani kwake, walimcheka Ismael mpaka wakachoka: Mwislamu mzima kujificha nyuma ya migomba kwa ajili ya bibi kizee! Yeye aliwaacha wacheke. Alimpenda mama yule, na hakukuwa na njia nyingine ya kumwonyesha. Ciakuthii naye aliizoea sauti ya lile lori. Akiisikia huko juu mlimani, alitoka barabarani mapema.

Kisha Wazungu wakatangaza Hali ya Hatari. Watu wakafungiwa vijijini nyuma ya mahandaki na miti iliyochongwa, wakawa wanaruhusiwa kutoka kwa muda mfupi tu asubuhi. Serikali ikalikodi lori limbebe Nyaga, mtu wa Embu, na homugadi wake, askari wa kienyeji wa doria. Na Mutegi, kakake Lenah, akaingia msituni kupigana na Wazungu.

Hakuna aliyemwambia Ismael kwamba Ciakuthii alikuwa akitoroka mchana kumpelekea mwanawe chakula, kosa la kunyongewa. Hakuhitaji kuambiwa. Mara nyingi aliona, lori likiteremka na kelele zake, majani ya kando yakitikisika kule mbele, na barabara ikabaki tupu. Sasa utazibadilisha vipi breki kama hizo? Kila alipomwambia Mbarak "kesho", alikuwa anamnunulia mama mkwe siku nyingine ya kuishi, na roho ilimuuma kwa sababu ya watu aliowabeba nyuma.

Siku moja alikuwa amebeba viazi vya Kibirichia, akina mama wameketi juu ya magunia. Kwenye mteremko alikanyaga pedali ikagonga sakafu, na gari halikusikia. Alirudisha gia kwa nguvu, akalisugua lori kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama, daraja likiwa pale pale mbele yao. Akina mama walishuka wakilia. Mmoja wao, Alice, aliyekuwa na mimba kubwa, alimshika Ismael mikono yote miwili akamshukuru kwa kumwokoa. Aliona haya hata akatamani kuzama ardhini. Jioni hiyo hiyo alilipeleka lori kwa Mbarak.

Lenah aliomba pasi ya kwenda kwa mamake, amwonye kuwa lori halilii tena. Akanyimwa. Ismael mwenyewe alipita karibu na kijiji cha mkwewe, lakini homugadi walikuwa nyuma yake. Angemwambia nani, na kwa mdomo gani?

Wiki haikuisha. Mchana mmoja, Nyaga akiwa kando yake kitini, lori liliteremka kimya kana kwamba limevaa soksi. Karibu na kona Ismael alishindwa kuvumilia, akabonyeza honi. Nyaga akaupiga mkono wake.

"Unampigia nani honi? Barabara si iko tupu?"

Haikuwa tupu. Baada ya kona, katikati kabisa, alikuwepo Ciakuthii, ameinama, kiondo mgongoni. Ismael akakanyaga. Breki zikashika zote kwa pamoja, na lori likasimama karibu kumgusa. Zile za zamani zingempondaponda.

"Breki nzuri," Nyaga alisema, akaruka chini.

Kiondo kikamwagwa barabarani: ndizi, nduma za kuchemsha, na shati la mwanamume. Nyaga akageuka kumwita dereva ashuke, na hapo ndipo alipoona. Ismael alikuwa amegeuza uso. Hakukusudia, mwili wenyewe ulifanya ulichozoea miaka yote. Na Nyaga hakuwa Mzungu wa kuelezwa mambo hayo.

"Dereva! Mbona unaangalia migomba? Kwani huyu ni mkweo?"

Kama ni mkwe, basi ile honi ilikuwa na maana, na Ismael na Lenah kule mjini walikuwa wamekwisha.

Ciakuthii akainua kichwa. Alitembea hadi kwenye mlango wa lori, akashika dirisha, akamtazama Ismael machoni kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Mimi niwe na mkwe kama huyu?" akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu. "Afadhali binti yangu ningempa fisi! Karibu aniue, na hata kushuka aombe msamaha hataki. Mtazameni, uso kama sufuria iliyoungua."

Homugadi wakaangua kicheko. Nyaga naye akacheka, akatikisa kichwa. Mama mkwe wa kumkodolea macho mume wa bintiye na kumtukana mbele ya watu, huyo alikuwa hajazaliwa.

"Haya mama, panda nyuma. Twende Embu kortini."

Macho ya Ciakuthii yalikuwa ya Lenah kabisa. Ismael hakuwahi kujua. Kwenye kila mteremko alikanyaga breki polepole asimtikise, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta.

Nyaga alimwona, akamhurumia, akampiga begani. "Wacha kulia, dereva. Matusi ya bibi kizee hayaui mtu."